Mwalimu wa Makala wa Ndosho

Siku ya kwanza kumwona nilikaribia kumgonga. Mimi ni motari, nabeba watu kwa pikipiki, na mchana ule nilikuwa natoka Mabanga kwenda Ndosho, mitaa ya hapa Goma, na abiria mwenye haraka zake. Ghafla mama mmoja mwenye mvi akatoka mlangoni kwake kinyumenyume, mgongo kwetu, macho ameyaacha ndani ya nyumba. Akaja hivyo hivyo mpaka katikati ya barabara. Nilikanyaga breki, abiria akanilalia mgongoni, pikipiki ikaanguka kwenye kokoto. Nilimtukana, sitaficha. Yeye hata hakugeuka. Alifumba jicho moja, akainamisha kichwa, akasema peke yake kwamba kidevu kimepotea. Ndipo akatuona pale chini, akaniuliza kama na mimi nakiona kidevu kimepotea.

Ukutani, ndani ya mlango ule, kulikuwa na uso wa mzee mmoja uliochorwa kwa makala, makaa meusi ya mti, juu ya karatasi ya mfuko wa simenti. Nilikuwa na hasira na goti linatoka damu, lakini nilitazama. Kidevu kilikuwa kimepotea kweli, kimeingia shingoni.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi mpaka nguvu zikamwishia, na mimi sitamwita vingine. Sasa yuko Butembo kwa binti yake, na mlangoni pale wanauza vocha za simu. Kila nikipita napunguza mwendo, mguu wenyewe umeshazoea.

Alikuwa mtu asiyekaa. Kiti kilikuwepo, kimoja, na kilikuwa cha wageni. Alichora amesimama, mistari miwili, halafu hatua tatu nyuma, halafu saba, halafu mpaka barabarani, maana alisema picha ukiikaribia sana inakudanganya. Chai aliinywa akitembea. Alikuwa anaacha sombe, majani ya muhogo, jikoni, anakwenda kwa jirani kuuliza neno moja, anarudi sombe imeungua, kisha anagombana na sombe. Na mtu huyo huyo ndiye aliyenifundisha mimi kutulia, Mungu wangu! Niliwahi kumwambia kwamba yeye mwenyewe hatulii. Alinijibu kwamba miguu yake si macho yake, na nishughulike na jiwe alilonipa kuchora.

Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Waliosoma kwake wanakumbuka jinsi alivyokuwa akikagua kucha kila asubuhi na kuwarudisha nyumbani wenye uchafu. Jumapili alikwenda misa ya kwanza na kucha zile zile nyeusi, akaimba kwa sauti kubwa iliyotoka nje ya wimbo, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Alinikataza kabisa kupaka makala kwa kidole, alisema kidole kinafanya uso uwe matope. Lakini ukisogelea picha zake mwenyewe uliona alama za vidole vyake kila mahali. Nilipomwonyesha, alisema vile ni vidole vya mwalimu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchora wafu. Hapa kwetu watu wengi wamekimbia zaidi ya mara moja, na ukikimbia unabeba mtoto, godoro, sufuria. Foto inabaki ukutani na nyumba inaungua nayo. Halafu mtu anafariki, kilio kinafanyika, na juu ya jeneza hakuna cha kuweka. Familia zilimwendea Mwalimu. Nilidhani atawauliza pua yake ilikuwaje, macho yake yalikuwaje. Hapana. Alisema ukiuliza pua, watu watano watakupa pua tano na watapigana mbele yako. Yeye aliuliza: nyumbani alipenda kukaa wapi? Mlango ulikuwa upande gani wake? Alikuwa anainama akizungumza, au anaegemea ukuta? Mjane akishasema kwamba mumewe alikaa karibu na dirisha, bega la kulia ukutani, Mwalimu alikuwa anajua tayari upande gani wa uso ni mwanga na upande gani ni giza, na alianza na giza. Alipaka vipande vikubwa vya kivuli bila jicho wala mdomo. Mara nyingi wajane walianza kulia hapo hapo, wakati uso bado ni madoa.

Lakini alikuwa na sharti moja, na hilo hakulivunja. Kwanza aliuliza kama kilio kimeshafanyika. Kama bado, hakugusa makala. Sababu yake mtaa wote unaijua. Miaka ya nyuma alichora mwanaume mmoja, fundi viatu, aliyepotea kwenye njia ya Rutshuru. Familia ilikuwa imechoka kungoja. Wakatundika picha, wakalia siku tatu, wakanyoa. Wiki chache baadaye fundi viatu akashuka kwenye lori la viazi, akaingia kwake na njaa yake, akajikuta ukutani. Mke wake alianguka chini. Yule bwana alikwenda kwa Mwalimu na ile picha, akamwambia kwamba amemuua na sasa hajui atarudije kuwa hai. Watu wanacheka wakisimulia, na hata yeye fundi viatu siku hizi anacheka. Mwalimu hakucheka hata mara moja. Mtaani picha ya makala juu ya mfuko wa simenti ilikuwa imeshakuwa tangazo: ukiiona mahali, unavua kofia na unauliza wanazika saa ngapi.

Mimi nilikuwa na shida yangu, na ndiyo iliyonirudisha kwake mara goti lilipopona. Mdogo wangu, tumbo moja, alikwenda Rutshuru kununua maharage na hakurudi. Simu yake ilizimika siku ile ile. Tuliuliza madereva, tuliuliza makambi, nilikwenda mwenyewe mpaka mahali wenye bunduki walipoturudisha. Hakuna aliyemwona mzima, hakuna aliyemwona maiti. Foto zake zilikuwa kwenye simu yangu, na simu yangu waliichukua wenye bunduki siku za risasi. Sasa uso wake ulikuwa unaniponyoka. Nilikumbuka kofia yake, nilikumbuka kicheko, lakini nikitafuta macho nilipata macho ya mtu mwingine. Usingizi uliniisha. Nilikuwa naendesha pikipiki huku naangalia nyuso za watu barabarani, siku nyingine nikapita alama ya kusimama bila kuiona. Nilimwomba Mwalimu anichoree kabla sijampoteza kabisa.

"Mulishafanya kilio?" aliniuliza.

Nikasema mama hataki hata kulisikia neno hilo.

"Basi mimi sichori. Mama yako ndiye mwenye mutoto."

Nikamwambia, kwa hasira, kwamba basi anifundishe nichore mwenyewe. Aliacha kutembea, kwake yeye hiyo ni ajabu, kisha akaniambia nilete mawe matatu. Najua alielewa ninachokitaka. Hakusema ndiyo wala hapana, na hilo alikuja kulijutia.

Makala ya jiko hakuipenda, alisema ni ngumu, inakwaruza. Aliitumia kwa weusi wa mwisho tu. Ya kuchorea alitengeneza mwenyewe: vijiti vya mti wa avoka, yaani parachichi, vimemenywa, vimekaushwa, vimebanwa ndani ya kopo la maziwa lenye tundu dogo kwenye kifuniko. Kopo liliingia kwenye moto, moshi ukatoka tunduni, na moshi ukikata tu unalitoa. Ukiwa na papara ukalifungua likiwa la moto, vijiti vinashika hewa na vinageuka jivu mbele ya macho yako. Nilipoteza makopo manne hivyo. Karatasi ilikuwa ya mifuko ya simenti. Tulichukua tabaka za ndani, tukakung'uta vumbi nje tukikohoa, akazipiga pasi. Mwezi ambao watu waliacha kujenga kwa sababu ya vita, karatasi ilikosekana, na Mwalimu alizunguka kwenye viwanja vya wajenzi akiuliza nani bado ana moyo wa kujenga.

Karatasi ile ina chembechembe zake. Ukilaza kijiti ubavu na kupita taratibu, makala inashika juu ya vinundu tu, chini panabaki wazi, na unapata nywele za mtu bila kuchora unywele hata mmoja. Ukikandamiza, mashimo yanajaa na umeua karatasi. Rangi yake ya kahawia aliipenda kuliko kitu chochote. Alisema Mungu ameshatusaidia nusu, karatasi hii ni ngozi yetu tayari, sisi tunaongeza kivuli upande huu na chaki kidogo upande ule. Chaki alikuwa nayo tele, sitauliza aliitoa shule gani. Kufuta, tulitumia nyama ya ndani ya mkate, na maganda tulikula.

Mawe yalinitesa. Jiwe la Goma ni jeusi, nami nikalichora jeusi lote, likawa shimo. Mwalimu alichora visanduku vitano pembeni, kutoka karatasi tupu mpaka weusi wa mwisho, akaniambia kila kipande cha jiwe kina nyumba yake ndani ya visanduku vile, nikitafute. Nikafumba macho nusu kama alivyotaka, na kumbe upande wa juu wa jiwe jeusi siku ya jua ni mweupe kuliko shati langu kivulini! Nilikaa wiki nzima naona hivyo kila mahali. Abiria wakiniambia twende kushoto, mimi naangalia kivuli chini ya mkungu wa ndizi. Alikuwa na neno lake, kwamba pua ni jina tu, mimi niachane na majina nitafute umbo la kivuli. Mara mia alinirudisha hapo, na mara mia niliondoka nimekasirika, nikaapa sirudi, na kesho yake saa kumi nipo.

Baada ya mawe alinipa sufuria, baada ya sufuria kiatu, baada ya kiatu sikio la jirani. Hakuniambia nimeiva. Mimi nilijipa ruhusa mwenyewe. Jumatatu moja nilibaki nyumbani Mabanga, nikajifungia chumbani, nikajiuliza maswali yake yale: mdogo wangu alikaa wapi? Kwenye kizingiti cha jikoni, akila, mlango kushoto kwake. Nikaanza na giza la upande wa kulia. Sijui ilichukua muda gani. Nilipofika machoni, mkono ulikwenda peke yake, na akaniangalia. Nililia kwa furaha, haki ya Mungu. Nikapulizia kwa mdomo maziwa yaliyozimuliwa kwa maji, kama Mwalimu alivyonionyesha, ili makala isitoke, nikamtundika kwenye kamba ya nguo chumbani akauke. Kisha nikatoka kununua mafuta ya pikipiki, na mlango sikuufunga.

Nilisikia mayowe nikiwa bado kwenye kona. Mama alikuwa ameingia kuchukua shuka. Jirani wa kwanza alikuja kuuliza kuna nini, akaona uso wa makala kwenye mfuko wa simenti, akaweka mikono kichwani. Nilipofika kulikuwa na wanawake kumi uwanjani, wengine wameshafunga vitenge kiunoni, mmoja amekuja na kuni. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa anapanga viti. Nilipiga kelele kwamba hakuna habari, hakuna aliyekufa, nimechora tu. Hawakunisikia, au walidhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Mama alikuwa amekaa chini. Alidhani nimepata habari za mwanawe na nimemficha, na wa kwanza kujua amekuwa Mwalimu.

Nilimwapia kwamba sijui lolote. Hapo ndipo aliponitazama.

"Kama haujui kitu, ulimuweka kwa ile karatasi ya wafu juu ya sababu gani?"

Viti vilirudishwa, kuni zilirudishwa, na watu walituona vibaya. Mama alichukua ile picha, nikadhani ameitia motoni. Toka siku hiyo hakunisemesha. Chakula aliniwekea, nguo alifua, lakini alinipita ndani ya nyumba kama mlango. Msimu mzima wa mvua ulikwisha hivyo. Wewe jaribu kuishi na mama yako bila sauti yake. Nilimpoteza mdogo, sasa nilikuwa nampoteza na mzazi, kwa mkono wangu.

Mwalimu aliposikia alinifokea mpaka wapita njia wakasimama. Kisha akazunguka chumba, akazunguka tena, akagonga meza kwa ngumi. Akasema kosa ni lake. Kwa miaka yote ile ameuzoesha mtaa kwamba makala yake ni ya maiti, hajawahi kuweka uso wa mtu hai kwenye karatasi ile mbele ya watu, sasa watu wangejuaje? Alinifukuza. Nilikaa miezi mitatu sijaenda, halafu akamtuma jirani aniite.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wageni. Aliniambia nimchore.

Zilikuwa alasiri tatu za mateso. Kila dakika aliinuka kuja kuona nimefika wapi, anaharibu mwanga, anarudi amekaa vingine. Alinilaumu kwamba nimemheshimu mno, kwamba mikunjo ya shingo nimeisamehe. Nikaiongeza. Nilivyomtazama siku zile sijamtazama mtu mwingine. Nilijua kivuli chini ya mdomo wake kuliko ninavyojua njia ya kwenda Mabanga. Tulipomaliza alitoka mpaka katikati ya barabara, pikipiki zikampigia honi, akarudi akasema itafaa. Alisema ataiweka. Sikuuliza wapi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kituoni na wenzangu, tunangoja abiria. Motari mmoja akaja kutoka Ndosho, akavua kofia yake ya chuma, akaniambia pole, mwalimu wako ameenda. Picha yake iko mlangoni. Na mimi, niliyeichora, niliyemwacha mzima juzi akinigombeza, niliamini! Nilifikiri alikohoa juzi, alikohoa kwa nini? Niliwasha pikipiki nikashuka Ndosho kwa mwendo ambao sitausema hapa.

Barabara ilikuwa imejaa. Picha ilikuwa imepigiliwa nje ya mlango, inatazama mtaa, na chini yake wanawake wanalia, wanafunzi wake wa zamani wamevua kofia. Nikajipenyeza. Mlango ukafunguka, akatoka Mwalimu mwenyewe na birika la chai. Mtu mmoja alikimbia kabisa. Yeye akasimama pembeni ya uso wake wa makala, akasema yeye yuko, wanaotaka chai waingie, wanaotaka kuzika watafute mwingine. Wengi walikasirika, wakasema anacheza na kifo, wakaondoka wakisonya. Wachache walianza kucheka, kwanza kwa kuona aibu.

Kati ya waliobaki nilimwona mama. Alikuwa ametembea kwa mguu kutoka Mabanga, kitenge cha kilio kiunoni. Alimtazama Mwalimu, akatazama picha, akamtazama tena Mwalimu. Kisha akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nilisikia umekufa," alimwambia. "Nikaleta hii wakuzike nayo."

"Mimi sijafa, mama."

"Naona."

Mwalimu alimpokea karatasi, akaikunjua juu ya meza, akaipapasa kwa kiganja. Mikunjo ilikuwa imekata uso wa mdogo wangu vipande. Mama akasogea. Sidhani siku ile ya kamba aliuona uso, aliona makala tu. Sasa aliinama juu yake, karibu sana, halafu akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nasubiri aipasue.

"Umemukondesha," akaniambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu toka mvua zianze. "Mutoto yangu anakula muzuri. Mupe mashavu yake."

Mwalimu aliniwekea mkate, kijiti na kipande cha chaki, kisha akatoka kwenda kugombana na wageni wa chai. Nilifuta kivuli chini ya mfupa wa shavu, nikakipandisha, nikagusa chaki. Mama alisimama nyuma yangu akisema ongeza, hapana, hapo umezidisha, punguza. Alijua kila sehemu. Nami nilifuata sauti yake tu, sikutafuta kukumbuka. Mwishowe alinishika bega.

"Huyu sasa ni yeye."

Tulirudi Mabanga kwa pikipiki, yeye nyuma yangu na karatasi kifuani. Msumari aliupigilia mwenyewe, sebuleni, mbele ya mlango. Mgeni akiingia akavua kofia, mama anamwambia airudishe kichwani, kwa sababu huyo ni mtoto wake, amekawia Rutshuru.